Mvua ya Mwaka na Ulimi wa Binti Yetu



Wazee wetu wa Mombasa hawakuyajua majira kwa karatasi ya ukutani. Waliyajua kwa pepo. Kaskazi ikichoka, bahari hulala, joto likawa la kufukiza, na watu wakasogeza magodoro karibu na madirisha. Kisha kusi hushika, na pamoja nayo huja mvua kubwa ambayo huku kwetu tumezoea kuiita mvua ya mwaka, na vitabu vya shule huiita masika. Tunasikia kwamba katika nchi za baridi miezi hii hii ndiyo miezi ya maua. Maua yetu sisi ni kuvu kwenye viatu na leso zisizokauka kambani. Hata hivyo, nyumba yetu ina kawaida ya kupata mambo yake makubwa mvua ikinyesha. Ndoa yetu ilifungwa katika mvua, binti yetu alizaliwa katika mvua, na mwaka huu, kati ya Machi na Mei, watoto wetu wawili wamepiga hatua ambazo tumeona si vibaya kuwasimulia ndugu zetu wasomaji, pamoja na kosa letu moja ambalo tungelipenda zaidi kulificha.

Tunasema "sisi" kwa sababu tu wawili katika maandishi haya. Mmoja anaandika, na mwingine ameketi ubavuni, mtoto begani, akisema kila baada ya mistari mitatu, "Hapo umetia chumvi." Tunaishi ghorofa ya pili katika Mji wa Kale, pamoja na nyanya wa watoto, ambaye chumba chake ndicho kikavu kuliko vyote na ndicho watoto wanachokikimbilia. Binti yetu ana miaka minne na miezi kadhaa. Mdogo wake, wa kiume, alikuwa na miezi kumi na mmoja mvua zilipoanza.

Mwezi wa Januari binti aliingia PP1. Tulijitayarisha kwa kilio, maana kila mzazi tuliyemuuliza alituonya kuhusu kilio cha wiki ya kwanza. Hakulia. Alishika mkono wa mwalimu, akaingia ndani na mkoba uliokuwa mkubwa kuliko mgongo wake, wala hakugeuka kututazama. Aliyelia alikuwa mmoja wetu, na hatutasema ni yupi. Tulirudi nyumbani tukijipongeza kwamba tumelea mtoto jasiri. Hatukujua kwamba kuna watoto wanaolia kwa sauti na watoto wanaolia kwa kunyamaza.

Katikati ya Machi dayari ilikuja na maneno ya mwalimu, kwa Kiingereza, mistari mitatu. Mtoto ni mpole, iliandikwa, lakini hashiriki. Akiulizwa hajibu. Wazazi wanaombwa wazungumze naye Kiingereza nyumbani.

Tuliisoma mara mbili, kwa sababu mtoto anayeelezwa humo hatukumtambua. Binti yetu, ambaye nyanya yake humwita kasuku, husimulia ndoto zake asubuhi kabla ya kufumbua macho sawasawa. Huuliza kwa nini samaki hawakohoi. Humsemesha mdogo wake, paka wa jirani, na hata mbuzi ya kukunia nazi, ambayo huiamkia kila aipitapo kwa kuwa anasema ina meno na haijapata kula. Mtoto huyu ndiye aliyekuwa hajibu?

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lingetosha kutufumbua macho, lau tungelitaka kufumbuka. Baada ya alasiri binti huenda chuoni, hatua chache kutoka nyumbani, ambako anajifunza herufi na sura fupi fupi. Maalim wake alikuwa ametuambia, wiki hiyo hiyo ya dayari, kwamba huyu ndiye anayepaza sauti kuliko wenzake wote katika kutamka fatha, kasra na dhumma, hata inambidi amtulize. Basi mtoto aliyekuwa bubu saa tatu asubuhi alikuwa wa kwanza kupaza sauti saa kumi alasiri. Masikio ni yale yale na ulimi ni ule ule. Kilichobadilika ni mlango alioingilia.

Lakini hofu haihesabu hivyo. Tuliwaza mahojiano ya kuingia darasa la kwanza, ambamo mtoto huketishwa mbele ya watu wazima wawili na kuulizwa kwa Kiingereza rangi ya kikombe. Tuliwaza karo tunayoilipa. Mmoja wetu anafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na kila barua inayotoka hapo hutoka kwa Kiingereza. Mwingine alipokuwa darasa la tatu alivishwa shingoni kile kibao cha aibu ambacho wengi wa umri wetu wanakikumbuka. Ulikamatwa ukisema lugha ya kwenu, ukavaa kibao kile mpaka umkamate mwenzako, na aliyelala nacho alichapwa asubuhi. Mtu angedhani kwamba aliyevaa kibao kile ndiye wa mwisho kumvisha mwanawe. Imekuwa kinyume. Aliyevaa ndiye aliyesema, "Tuanze leo, asije akapata tuliyoyapata sisi."

Tukaanza usiku ule ule. Tulikubaliana kwamba binti asemeshwe Kiingereza tangu kuamka hadi kulala, na akijibu kwa Kiswahili tusimkemee, ila tumwambie kwa upole, "Sema tena." Tulijiona wenye hekima kwa kule kutokemea. Tulibandika karatasi kwenye mlango, kwenye mtungi na kwenye jokofu, kila kitu na jina lake. Kwa Mama, yaani nyanya wa watoto, tulieleza mpango wetu kwa heshima na kwa maneno mengi. Yeye hajui Kiingereza. Alitusikiliza mpaka tukamaliza, akasema, "Haya, nyinyi ndinyi wazazi," akarudi kuchagua mchele.

Si kwamba Mama hajui kusoma. Anasoma Msahafu, na anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa wanawake wengi wa kizazi chake na vizazi vya kabla yake. Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama yule mgonjwa aliutunga mwaka 1858 ili kumwachia binti yake mafunzo, Mama anaujua kwa moyo sehemu kubwa, na alikuwa na desturi ya kumsomea mjukuu beti chache kabla ya kulala, kisha hadithi ya sungura, kisha vitendawili. Tulimwomba apumzike kidogo kwa majuma machache. Ndivyo tulivyosema: apumzike.

Nyumba ilinyamaza. Hatukuligundua hilo mara moja, kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza na mvua ina kelele zake. Binti alikuwa akijibu kwa neno moja moja, na sisi tukayahesabu maneno hayo kama mtu anayehesabu akiba. Usiku alikaa kizingitini mwa chumba cha nyanya yake, hakuingia, akitazama tu. Hakuuliza tena habari za samaki. Hilo la samaki ndilo lililopaswa kutushtua, nasi tukaona kwamba amekua.

Siku moja ya mvua kubwa alirudi na sweta yake ikiwa imekunjwa mkobani, na ndani ya sweta mna nguo ya ndani iliyolowa. Sketi ya sare ilikuwa imemkaukia mwilini. Tukauliza, kwa Kiingereza, kumetokea nini. Akatutazama. Tukauliza tena polepole, tukidhani kasi ndiyo iliyomshinda. Akasema neno moja alilolijua, lile la mvua. Tukaamini kwamba amenyeshewa, tukamwogesha, tukampa chai ya tangawizi, na jambo likaisha.

Kwetu sisi liliisha. Asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, Mama alitoka chumbani akiwa bado na ushungi wake, akaketi mbele yetu. Ni nadra Mama kuketi kabla ya kuteleka chai.

"Mwana huyu jana alijikojolea huko shuleni," alisema. "Alitaka kwenda choo, hakuwa na neno la kuombea. Akaketi hapo na maji yake mpaka mukamtukua. Kaja kunambia usiku, chini ya shuka, kwa kunong'ona, kama mwizi. Mumemfunga mtoto ulimi, kisha mwamuuliza mbona hasemi?"

Hatukuwa na jibu. Hata sasa tukiandika, aliyeketi ubavuni amenyamaza na hakusema kwamba tumetia chumvi.

Kilichotuumiza si nguo iliyolowa. Watoto wa miaka minne hulowa, na sketi hufuliwa. Kilichotuumiza ni kwamba mtoto wetu alipatwa na aibu, akaibeba tangu asubuhi mpaka mchana, akaifikisha nyumbani, na nyumbani nako akakuta lango lile lile limefungwa. Sisi ndio tuliolifunga, kwa upole, tukisema, "Sema tena." Shuleni angalau kulikuwa na udhuru wa watoto wengi na mwalimu mmoja. Kwetu ni wazazi wawili kwa mtoto mmoja na nusu.

Karatasi tulizibandua siku hiyo hiyo, isipokuwa ile ya jokofu iliyogandamana na rangi na ipo mpaka leo. Usiku binti aliingia chumbani mwa nyanya yake bila kuitwa, na kwa takriban saa nzima tulisikia sauti yake ikitoka mfululizo, kama mfereji uliofunguliwa baada ya siku za kukatwa maji.

Tulikwenda kumwona mwalimu tukiwa na hasira, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba njia ni ndefu, maana tulipofika hasira ilikuwa imepungua. Mwalimu ni msichana ambaye huenda hajatimiza miaka ishirini na mitano. Tulipomweleza habari ya choo alishika mdomo. Hakuwa ameona. Alisema ana watoto thelathini na kitu, na binti yetu ni katika wale wasiosumbua, na wasiosumbua ndio wanaosahauliwa. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia. Alituambia kwamba chuoni alikosomea ualimu walifundishwa kinyume cha yale aliyotuandikia. Mwongozo wa mtaala mpya uliotolewa mwaka 2017 unataka mtoto wa chekechea na wa madarasa matatu ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya mazingira anamoishi, na mazingira ya Mombasa lugha yake haihitaji kutafutwa. Lakini wazazi, alisema, ndio wanaokuja mlangoni kulalamika wakisikia watoto wanaimbishwa kwa Kiswahili. "Wananiuliza, tunalipa karo ya nini?"

Tulitazamana. Mwezi wa Januari, siku ya kuandikisha mtoto, mmoja wetu aliuliza swali hilo hilo kwa maneno laini zaidi.

Tuliyoafikiana yalikuwa machache. Kwamba binti aruhusiwe kuomba haja zake kwa lugha yoyote aliyo nayo, hata kwa ishara. Kwamba kabla ya kila neno jipya la Kiingereza asikie kwanza lile alijualo. Na kwamba sisi tuchange vitu vya kuchezea na kuhesabia, maana darasa lilikuwa na chati nyingi za ukutani na vitu vichache vya kushika. Hili la mwisho tulilichukua kama adhabu nyepesi, tukalitimiza kwa bidii ya wakosaji.

Hapo ndipo tulipomkumbuka jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama wa makamo aliyepata kufundisha katika chekechea zilizoanzishwa chini ya mpango wa madrasa. Wasomaji wa Mombasa wengi wanaujua. Mpango ule ulianza hapa kwetu mwaka 1986, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, baada ya viongozi wa Kiislamu wa pwani kuona kwamba watoto wao wanabaki nyuma wanapoingia darasa la kwanza. Mwalimu aliyeutia roho ni Bi Swafiya Said, aliyewafunza wanawake wa mitaani kuwa walimu wa watoto wa mitaa yao wenyewe. Kutoka Mombasa ukaenda Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Jirani yetu anasema siri ya madarasa yale ilikuwa ndogo. Mtoto alijifunza dini yake, hesabu zake na usafi wake katika chumba kimoja, kwa nyimbo za lugha yake, na vifaa vilitoka jikoni na pwani. Vifuu, simbi, mbegu za mbuyu, vizibo vya soda, makopo, vipande vya makuti. Hakuna kilichonunuliwa ambacho kingeweza kuokotwa.

Alitushukia na gunia dogo la vizibo ambalo alikuwa hajaweza kulitupa kwa miaka yote hiyo. Tukaongeza vifuu vyetu.

Shule zikafungwa mwezi wa Aprili, mvua ikatufungia ndani, na nyumba yetu ikawa chekechea ya wanafunzi wawili. Tulijifunza kwamba mtoto hahitaji kutengenezewa masomo mengi akiwa na jiko mbele yake. Binti alipewa kazi ya kupanga mahamri katika sinia, matano matano, na kazi ya kumwambia nyanya yake tui limekamuliwa mara ngapi kwenye kifumbu, kwa kuwa tui la kwanza na tui la pili havichanganywi. Alijifunza zito na jepesi kwa kunyanyua nazi yenye maji na ile iliyokauka. Paa letu linavuja mahali pawili, na ndoo mbili zilizowekwa hapo zikawa somo la kila asubuhi. Ipi imejaa zaidi, na kwa nini? Alichora mstari kwa makaa ubavuni mwa kila ndoo. Siku ya tatu alitangaza kwamba tundu la upande wa dirisha ni "pana kuliko mwenziwe", na fundi alipokuja baadaye akasema hivyo hivyo, kwa bei.

Alipanda pia kunde katika kopo la maziwa ya unga, kwenye kizingiti cha dirisha. Kila mwenye mtoto anajua yanayofuata. Siku ya kwanza alifukua kuziangalia. Siku ya pili alifukua tena. Nyanya yake akamwambia kwamba kunde zina haya, hazivui nguo mbele za watu. Akaziacha. Siku ya nne mchanga ulipasuka na shingo ya kijani ikachomoza imeinama, na binti akaingia chumbani kwetu mbio, tumelala, akipiga kelele kwamba kunde moja inasujudu.

Kiingereza hakikufukuzwa nyumbani, tusije tukaeleweka vibaya. Tulikiwekea saa yake, baada ya magharibi, kitabu kimoja chenye picha, na binti akawa anakipokea kama mgeni wa heshima ambaye anakuja na kuondoka. Maalim wa chuoni, tulipomsimulia yote haya, alicheka kidogo, akatukumbusha kwamba katika Suratul-Rum kutofautiana kwa ndimi kumetajwa pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Kisha akatuuliza kwa nini basi tulikuwa tunamfundisha mtoto ulimi mmoja kwa kuuficha mwingine. Sisi tulidhani tumekwenda kwake kwa habari ya ada ya mwezi.

Na huyu mdogo? Tumemsahau, kama kawaida ya mtoto wa pili, naye alikuwa na mambo yake. Mwisho wa Aprili, siku ambayo maji yalijaa barabarani na hakuna aliyekwenda kazini, alisimama ameshika ukingo wa kiti, akauachia, akapiga hatua tatu kuelekea kwa dada yake, akakaa kitako kwa kishindo. Alikuwa na miezi kumi na miwili kamili. Mama alitaka bisi siku hiyo hiyo. Tulimwomba angoje maji yapungue. Ijumaa iliyofuata mashangazi wakaja, mtoto akaketishwa juu ya mkeka na kofia yake mpya, akamwagiwa bisi, peremende na sarafu, na watoto wa jengo zima wakagombea vilivyoanguka. Yeye aliokota bisi moja, akaitazama kwa muda mrefu, akaitia sikioni. Imetoka salama, alhamdulillahi, kwa msaada wa shangazi mwenye kucha ndefu.

Neno lake la kwanza limetuletea mzozo usioisha. Alisema "ndoo". Alilisema wazi, mara tatu, mbele ya mashahidi. Sasa, kwa Kimvita cha Mama, "ndoo" ni njoo, na Mama anaapa kwamba mtoto alikuwa anamwita yeye, aliyekuwa amesimama mlangoni. Lakini pale alipoketi mtoto palikuwa na ile ndoo ya paa linalovuja, na mkono wake ulikuwa umenyooka upande huo. Wazazi tumegawanyika. Binti alipoulizwa alisema kwamba alikuwa anaiita ndoo ije, na ndoo ikakataa.

Muhula wa pili ulipofunguliwa tulikwenda naye na vifuu arubaini, gunia la vizibo, na wasiwasi ule ule. Wiki ya kwanza dayari haikuwa na neno. Wiki ya pili mvua kubwa ilinyesha katikati ya somo, na darasa lao lina paa la mabati. Mwalimu ndiye aliyetusimulia baadaye, langoni. Kelele zilizidi hata akashindwa kufundisha, akawaambia watoto wakae tu waisikilize. Ndipo binti yetu aliposimama, bila kuulizwa, akasema, "Kitendawili!" Watoto wawili watatu wakajibu, "Tega!" Akatega:

"Yualia juu ya paa na hana mato."

Mwalimu alisema hakuelewa neno la mwisho. Si mzaliwa wa hapa, na katika Kiswahili alichosomea mtu ana macho. Akamwomba arudie. Sisi tukiisikia habari hii tulihisi matumbo yakitukata, kwa kuwa "rudia" ni ndugu wa "sema tena". Lakini binti hakunyamaza. Alimwendea mwalimu mpaka mezani, akajigusa macho yote mawili kwa vidole, akasema "mato", kisha akasema neno la Kiingereza, kisha akarudi kuketi, kama mtu aliyemaliza kumwelekeza mgeni njia. Kitendawili kile ni chake mwenyewe. Nyanya yake anakana kumfundisha.

Jioni ile dayari ilikuja na mstari mmoja, na kwa mara ya kwanza uliandikwa kwa Kiswahili: "Leo darasa zima limejifunza neno mato."

Hatuwezi kusema kwamba mambo yote yamenyooka. Katika fomu ya tathmini, kwenye shughuli za Kiingereza, binti amewekewa alama ya kukaribia matarajio, si ya kuyafikia. Zamani alama hiyo ingetunyima usingizi. Wazazi wenzetu wawili bado wanamlalamikia mwalimu kuhusu nyimbo za Kiswahili, na tumejikuta sisi, kati ya watu wote, tukimtetea. Mama amerudia beti zake za usiku. Mdogo sasa hutembea toka kiti hadi ukuta, na ukuta hadi ndoo.

Kuhusu vitendawili, vimekuwa vya kila usiku, na tangu juma lililopita tumekwama. Binti ametega hiki: "Nina ndugu yangu, nikimwita haji, nisipomwita yuaja." Tumesema usingizi, akatikisa kichwa. Tumesema paka wa jirani. Tumesema mvua. Mama anajua jibu na hasemi. Kwa desturi, aliyeshindwa hutoa mji, basi tumempa Lamu, akasema haitaki. Tumempa Malindi, tumempa Faza. Jana usiku tulimpa Mombasa yenyewe, akasema hiyo alikuwa nayo tangu zamani.